Mwongozo kamili: kujenga modeli ya rola kosta ya kurushwa inayovuka kilima na kusimama yenyewe

Klabu nyingi za sayansi Arusha na Moshi zinazojenga modeli ya rola kosta, gari la burudani linalopanda na kushuka vilima juu ya reli, hukwama mahali pamoja. Reli zinatengenezwa vizuri, kigari kinapakwa rangi, mpira wa manati unavutwa, kigari kinaruka hadi katikati ya kilima halafu kinarudi kinyumenyume. Mpira unavutwa zaidi, na safari hii kigari kinatoka relini. Asubuhi ya baridi ya Julai modeli inagoma. Saa saba mchana, mpira ukishapata joto, inapitiliza.

Tatizo halipo kwenye nguvu. Mrusho unahitaji vitu vitatu: nguvu unayoweza kuipima na kuirudia, kuachia kigari kwa wakati, na breki ya kukikamata kikifika upande wa pili. Mwongozo huu unaacha mpira kabisa na kutumia uzito unaoshuka. Breki ni ya sumaku na alumini, inayofanya kazi kwa kanuni ileile ya breki za rola kosta kubwa za kisasa.

## Vipimo vya kazi nzima

Njia ina sehemu tatu: mita 1 ya kurushia, kilima cha sm 50, na mita 1.2 ya breki. Sakafuni inachukua mita 3.6. Kigari chenye uzito wa gramu 300 kinatakiwa kuondoka kwenye mrusho kwa mwendo wa mita 4 kwa sekunde.

Kwa nini 4? Bila msuguano wowote, mwendo huo ungepandisha kigari sm 81. Kilima chetu ni sm 50, kwa hiyo zinabaki sm 31 za kulipia msuguano na kuvuka kileleni kwa mwendo wa kutosha. Linganisha na rola kosta ya Red Force ya Hispania: inarushwa na mota za sumaku hadi kilomita 180 kwa saa ndani ya sekunde 5, mwendo unaotosha kupanda kama mita 127, na kilele chake kiko mita 112. Treni kubwa inahitaji akiba ndogo kwa sababu uzito wake ni mkubwa ukilinganisha na msuguano. Modeli inahitaji akiba kubwa zaidi, na anayeiga uwiano wa rola kosta halisi hafiki kileleni.

## Vifaa

Njia:
- Bomba 3 za plastiki ngumu za kupitishia nyaya za umeme, kipenyo mm 20, urefu mita 3. Pima dukani kabla ya kulipa, maana zipo fupi.
- Plaiwudi ya mm 12 kwa mataruma 34 (vipande vya kati vinavyoshikilia reli mbili), kila moja upana mm 60 na urefu mm 100.
- Mbao za 2 kwa 2 za nguzo, na skrubu za mm 3.5.
- Springi ya kukunjia bomba (azima kwa fundi umeme), au mchanga mkavu uliochekechwa.

Kigari:
- Beringi 4 namba 608. Ndizo zilizo katikati ya spina za watoto na kwenye viatu vya magurudumu. Kwenye mitumba ya Memorial, Moshi, tafuta viatu hivyo hata kama vimechanika.
- Bapa la alumini la mm 3, sm 15 kwa sm 6, kwa ajili ya pezi (bapa linaloning'inia chini ya kigari).
- Bapa jembamba la alumini, mm 2 kwa mm 20, kama mita 1.
- Bolti za mm 4 na bushi 8 za plastiki zenye kipenyo cha nje mm 10.
- Plaiwudi nyepesi ya bodi.

Mrusho:
- Reli ya pazia ya alumini, mita 1, pamoja na kitelezi chake kimoja kizito.
- Kapi 2 ndogo zinazozunguka bila kukwaruza.
- Kamba ya nailoni iliyosukwa, mm 2, mita 3.
- Kidumu cha lita 3 au 5 na kilo 4 za mchanga mkavu.
- Sponji nene au tairi kuukuu.

Breki:
- Seti 4 hadi 6 za sumaku kutoka kwenye diski ngumu (hard disk) za zamani za kompyuta za mezani. Mafundi kompyuta hutupa diski ngumu zilizokufa. Ziombe zikiwa nzima. Sumaku za spika hazifai hapa, ni dhaifu mno kwa nafasi tunayohitaji.

## Hatua ya 1: Kunja reli

Kilima kina vipinde vitatu. Cha kupandia na cha kushukia vina nusu kipenyo cha sm 50, na cha kileleni sm 25. Ukivichora hivyo, vyote vitatu vinakuwa na urefu sawa wa sm 61.5 kwenye bomba. Kipinde cha kwanza kinaishia kwenye kimo cha sm 33.3, na hapo ndipo cha kileleni kinaanzia. Upana wa kilima chote chini ni sm 141.

Chora umbo kamili sakafuni au kwenye karatasi kubwa kwa msumari, uzi na chaki. Usikunje kwa kukadiria.

Weka alama kwenye bomba nzima: sm 100 (mwanzo wa kupanda), sm 161.5, sm 223, na sm 284.5 (mwisho wa kushuka). Inabaki sm 15.5 iliyonyooka, ambako kipande cha pili kitaungwa. Kiungio kikae kwenye sehemu iliyonyooka, kamwe kisikae kwenye kipinde.

Ingiza springi, au jaza mchanga na uzibe ncha zote mbili. Bila hivyo bomba litabonyea na gurudumu litagonga kila likipita hapo. Mwagia maji yanayochemka juu ya kitambaa kilichozungushiwa sehemu ya kukunja, kisha lilaze bomba kwenye mchoro na ulishike hadi lipoe. Arusha, iliyo kama mita 1,400 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na Moshi 97. Yote yanatosha, kwa sababu plastiki hii hulegea karibu na nyuzi 80.

Onyo: usilipashe bomba kwenye jiko la mkaa au moto wa gesi. Likiungua hutoa moshi wenye asidi unaochoma koo na mapafu.

Bomba hurudi nyuma kidogo likipoa, hivyo likunje zaidi ya mchoro kwa digrii chache. Umefaulu pale reli mbili zikilazwa moja juu ya nyingine zisipopishana zaidi ya mm 3 popote.

## Hatua ya 2: Mataruma na nguzo

Kila taruma husimama wima kati ya reli mbili, na katikati yake, kuanzia juu, lina mwanya wa upana wa mm 24. Pezi la kigari litapita humo. Kina cha mwanya ni mm 60, isipokuwa kwenye mita ya kwanza ambako unachimba mm 80 ili reli ya pazia ikae chini yake.

Panga mataruma kila sm 15 kwenye sehemu zilizonyooka na kila sm 10 kwenye vipinde. Umbali kati ya reli, ukuta wa ndani hadi ukuta wa ndani, ni mm 60 kila mahali. Kata kipande cha mbao cha mm 60 kamili ukitumie kama kipimo kwenye kila taruma kabla ya kukaza.

Kuhusu skrubu: toboa ukuta wa nje wa bomba kwa drili ya mm 8 na ukuta wa ndani kwa mm 3.5, ili kichwa cha skrubu kiingie ndani ya bomba. Matundu yakae chini kidogo ya mstari wa katikati wa bomba. Kichwa kikibaki nje, bushi ya pembeni itakigonga. Huo ndio ule mlio wa "ta-ta-ta" unaosikika kwenye modeli nyingi, na kila "ta" inakula mwendo.

Unga vipande vya bomba kwa kijiti cha mbao kinachoingia kwa kubana pande zote mbili, halafu piga msasa hadi kucha isikwame ikipita juu ya kiungio.

Kilima kisimamishwe na nguzo tano, mbili kati yake zikiwa na mihimili ya mshazari. Njia inayotikisika hunyonya nguvu ya kigari, na nguvu hiyo hairudi. Sukuma kilele kwa kidole kuelekea pembeni: kikisogea zaidi ya mm 2, ongeza mshazari.

Njia yote ikae juu ya meza zilizoinuliwa kwa tofali hadi sm 90, kwa sababu kidumu kinahitaji nafasi ya kushuka. Sehemu ya kurushia na ya breki zipimwe kwa pimamaji.

## Hatua ya 3: Kigari

Toa grisi iliyomo kwenye beringi. Ondoa vifuniko, zioshe kwa mafuta ya taa, zikaushe, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani. Beringi mpya ya dukani imejaa grisi iliyokusudiwa mizigo mizito, na kwa kigari cha gramu 300 grisi hiyo ni breki. Ukiipiga kwa kidole izunguke angalau sekunde 10.

Magurudumu manne yakae juu ya reli, umbali wa mbele na nyuma ukiwa sm 9. Usirefushe. Kileleni, kigari kirefu hugusa reli kwa tumbo.

Kwenye kila gurudumu funga mkono wa alumini wenye umbo la C, unaoshuka upande wa nje wa reli na kuingia chini yake. Mkono huo unabeba bushi mbili: moja ya pembeni, yenye nafasi ya mm 1 na reli, nyingine ya chini, yenye nafasi ya mm 1.5. Bushi ya chini ndiyo inayokizuia kigari kuruka kileleni, pale mwili unapotaka kuendelea angani wakati reli inashuka. Iwe chini ya gurudumu kabisa. Ukiiweka katikati ya magurudumu mawili, itabana kwenye kipinde kimoja na kulegea kwenye kingine, na utahangaika siku nzima kutafuta ugonjwa usiouona.

Pezi la alumini hufungwa katikati, likining'inia kati ya reli. Ncha yake ya chini iache angalau mm 10 kabla ya kugusa sakafu ya mwanya, maana kwenye kipinde cha kupandia mwanya hupanda kuelekea ncha za pezi kwa milimita chache.

Jaribio la kufaulu: inua mwisho mmoja wa mita moja ya njia iliyonyooka kwa sm 2. Kigari kianze kutembea chenyewe. Kisipotembea usiendelee na hatua inayofuata. Tafuta kinachobana, kwa kuwa hakuna mchanga utakaotibu kigari kisichotembea kwa urahisi.

## Hatua ya 4: Mrusho

Hapa ndipo wengi huharibu, hivyo soma taratibu.

Funga reli ya pazia ndani ya mianya ya mataruma ya mita ya kwanza. Kitelezi chake kiwe na kidole kimoja kilichosimama, bolti ya mm 5 inatosha. Kitelezi hiki tukiite kisukumizi. Kidole kinagusa ukingo wa nyuma wa pezi na kulisukuma. Usikifunge, usikipe ndoano, usikitie sumaku. Kikiwa kinasukuma tu, kuachia kunakuja chenyewe: kisukumizi kikipunguza mwendo, kigari kinaondoka. Wanaoweka ndoano hulazimika kubuni namna ya kuifungua kwa sehemu ndogo ya sekunde, na isipofunguka mara moja tu, kigari kinasimama ghafla na kung'oa pezi.

Kamba inatoka kwenye kisukumizi, inakwenda mbele hadi kapi iliyofungwa chini ya njia kwenye sm 100, inashuka hadi kapi ya pili iliyofungwa kwenye kidumu chenyewe, inaizunguka na kurudi juu kufungwa kwenye fremu ya meza. Kwa mpangilio huu kidumu kikishuka sm 35, kisukumizi kinakwenda sm 70, na mwendo wake ni mara mbili ya mwendo wa kidumu.

Vituo ni hivi:
- Kidole kinaanzia sm 5.
- Kidumu kinatua kwenye sponji kidole kikiwa sm 75.
- Bampa la mpira wa tyubu linalokamata kisukumizi liko sm 83.

Mpangilio huo usibadilishwe. Bampa likikamata kisukumizi kabla ya kidumu kutua, kilo 4 zote zitavuta kamba kwa mkupuo, na kamba au reli ya pazia itakatika.

Kamba mpya hurefuka. Ining'inize na kidumu kilichojaa usiku kucha kabla ya kupima vituo.

Shikilia kisukumizi kwa msumari uliopita kwenye tundu la reli ya pazia, na uuvute kwa uzi ukiwa umbali wa mita moja. Shikilia kisukumizi, usishikilie kigari. Ukishika kigari kwa mkono utakiachia kwa kukisukuma kidogo bila kujua, na vipimo havitalingana.

Onyo: zungushia eneo la kidumu boksi au mbao pande zote. Kilo 4 zikiangukia vidole vya mtoto aliyevaa kandambili, maonyesho yameisha.

Anza na kilo 2 za mchanga, kisha ongeza nusu kilo kila jaribio. Kwa hesabu, kilo 4 zingetoa mita 4.4 hadi 4.6 kwa sekunde, kutegemea uzito wa kisukumizi, kama kapi na reli zisingekuwa na msuguano. Kwa kweli utapata karibu 4. Ujue pia kuwa mchanga una kikomo. Hata ukitundika gunia zima, kwa mteremko wa sm 35 kigari hakiwezi kuvuka mita 5.2 kwa sekunde, kwa sababu kidumu chenyewe hakiwezi kuanguka haraka kuliko kitu kilichoachiwa huru. Ukihitaji mwendo zaidi, ongeza kimo cha kushuka na urefu wa kurushia.

## Hatua ya 5: Kizuizi cha kurudi nyuma

Mrusho ukipungua kidogo, kigari kitarudi. Hata rola kosta ya Kingda Ka ya Marekani, iliyokuwa na mnara wa mita 139, iliwahi kushindwa kuvuka na treni kurudi ilikotoka, na ilijengwa ikitarajia hivyo: breki kwenye njia ya kurushia zilikuwa zinashuka treni ipite, kisha zinainuka.

Kwetu vinatosha vipande viwili vya tyubu ya baiskeli, sm 4 kila kimoja, vilivyofungwa pande mbili za mwanya kati ya sm 90 na sm 98, vikielekea kilimani kwa mshazari. Pezi likienda mbele linavilaza. Likirudi, vinajikunja na kulibana. Virekebishe kwa kusukuma kigari kwa kidole: mbele kipite bila kusita, nyuma kigome ndani ya sm 10.

## Hatua ya 6: Breki ya sumaku

Fungua diski ngumu kwa bisibisi ya nyota ya pembe sita. Ndani kuna bamba mbili za chuma zenye sumaku zinazotazamana. Usizibandue sumaku kwenye bamba. Bamba ndizo zinazorudisha nguvu ya sumaku kwenye mwanya. Ongeza washa (pete bapa za bolti) kati ya bamba hadi nafasi kati ya sumaku iwe mm 8. Pezi ni mm 3, kwa hiyo kila upande unabaki na mm 2.5.

Onyo: seti mbili zikikaribiana hurukiana na kubana ngozi hadi kutoa damu. Zifanyie kazi moja moja, na kompyuta, simu na kadi za benki zikae mbali.

Funga seti ya kwanza sm 40 baada ya mwisho wa kilima, na zinazofuata kila sm 15, zikitazama juu ili pezi lipite katikati.

Alumini haivutwi na sumaku. Lakini ikipita kwa kasi, mikondo ya umeme huzunguka ndani yake, na mikondo hiyo huwa sumaku inayopinga mwendo. Kadiri pezi linavyokwenda kasi ndivyo linavyozuiwa zaidi, na hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna kinacholika. Umeme wa gridi ukikatika, breki haina habari. Ndiyo maana mbuga kubwa za burudani zinaiamini.

Kila seti hupunguza mwendo kwa kiasi kinachokaribiana, iwe ya kwanza au ya nne. Anza na seti nne. Kigari kikiwa bado na kasi baada ya seti ya mwisho, ongeza ya tano. Kikisimama mapema na kubaki njiani, toa moja. Usitegemee sumaku zikisimamishe kabisa: mwendo ukikaribia sifuri, nguvu ya breki nayo inakaribia sifuri. Sm 20 za mwisho ziwe na brashi laini ya viatu inayogusa tumbo la kigari, na sponji mwishoni.

Umefaulu kama kigari kinaingia kwenye brashi polepole kiasi cha kukizuia kwa kidole kimoja.

## Kupima na kurekebisha

Bandika tepu yenye alama za kila sm 5 kati ya sm 80 na sm 110. Rekodi kwa simu kwenye fremu 60 kwa sekunde, kisha tazama picha moja baada ya nyingine. Kwa mita 4 kwa sekunde kigari huvuka karibu sm 6.7 kati ya fremu mbili. Simu ikiwa na fremu 30 tu, ni sm 13.

Rusha mara kumi bila kubadilisha kitu. Tofauti ikizidi sm 1 kwa fremu, kuna kitu kinabana wakati mwingine na kingine hapana. Kwa kawaida ni kamba iliyotoka kwenye kapi au kitelezi chenye vumbi. Vumbi la kiangazi ni adui mkubwa wa modeli hii. Futa reli kwa kitambaa kikavu kila baada ya mirusho kumi, na usipake mafuta kwenye reli, yatalishika vumbi lote.

Kigari kina mwendo sahihi sm 100 lakini hakivuki? Nguvu inapotea kwenye kipinde cha kupandia. Hapo kigari hubonyezwa kwa zaidi ya mara nne ya uzito wake, na bushi ambazo hazikugusa kwenye tambarare sasa zinagusa. Paka chaki kwenye bushi, rusha, kisha angalia chaki imefutika wapi. Hapo ndipo pa kupiga tupa.

Kinavuka lakini kinagonga kileleni? Nafasi ya bushi za chini ni kubwa mno. Ipunguze hadi mm 1.

Ukibadilisha uzito wa kigari, kwa mfano kwa kuongeza wanasesere wa abiria, pima upya na urekebishe mchanga kabla ya kurusha mbele ya watu. Andika kwenye kidumu kwa maka: uzito wa kigari, uzito wa mchanga, na sm kwa fremu. Mwanafunzi wa zamu asirushe kabla ya kulinganisha namba hizo tatu.